Siri na Dhamiri katika Riwaya ya Lois Duncan

Wahakiki wengi huzipuuza riwaya za taharuki zilizoandikiwa vijana, kana kwamba msisimko na fikra haviwezi kupikwa katika chungu kimoja. Riwaya ya Lois Duncan, I Know What You Did Last Summer, iliyochapishwa Marekani mwaka 1973, yatulazimisha kuupima upya mtazamo huo. Swali letu ni hili: je, taharuki yake inaitumikia dhamira, au inaimeza?

Vijana wanne, Julie James, Ray Bronson, Helen Rivers na Barry Cox, wanarejea usiku kutoka matembezini. Barry ndiye dereva. Gari linamgonga mtoto aliyepanda baiskeli, David Gregg, nao hawasimami. Ray anapiga simu kuomba msaada pasipo kujitaja, lakini mtoto anafariki. Wanne hao wanaapa kunyamaza, na kiapo chao hakiwezi kufunguliwa ila kwa ridhaa ya wote. Mwaka unaofuata, siku ile ile Julie anapopata habari ya kukubaliwa chuoni, anapokea barua yenye sentensi moja tu: ile iliyo jina la riwaya.

Msomaji wa Kiswahili aliyemzoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ataona tofauti mara moja. Bwana Msa ni mpelelezi anayeitazama hatia ya watu wengine. Kwa Duncan hapana mpelelezi. Wanaomtafuta mwandishi wa barua ndio wakosaji wenyewe, na kila hatua wanayopiga kumfichua inawakaribisha kufichuka wao. Hapa taharuki na dhamira ni kitu kimoja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kiapo kilichokusudiwa kuulinda urafiki ndicho kinachouvunja. Julie amejitenga na Ray, na Barry, hata baada ya kupigwa risasi, anawaficha wenzake ukweli kuhusu simu iliyomtoa nje usiku huo.

Kwa upande wa fani, hila kuu ya Duncan ni ya majina. Bud anayemposa Julie na Collie anayejongea kwa Helen ni mtu mmoja, ndugu wa kambo wa David, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Kwa kuwa masimulizi yanahama kutoka kwa mhusika mmoja hadi mwingine, msomaji anakutana na majina mawili pasipo kuuona uso mmoja. Hii ni hila ya maandishi hasa. Mchezo wa jukwaani au filamu ingeifichua mara mwigizaji atokeapo.

Lakini hapa ndipo dosari inapoanzia. Kadiri Collie anavyozidi kuwa muuaji mwenye wazimu, ndivyo hatia ya wale wanne inavyopungua machoni petu. Ziara ya Julie na Ray nyumbani kwa akina Gregg, ambako wanamkuta dada wa marehemu na kusikia jinsi mama alivyovunjika moyo, ni miongoni mwa kurasa nzito kuliko zote. Lakini mwandishi haiendelezi. Mwishoni kiapo kinafunguliwa na Julie anaokolewa, bali hatuwashuhudii vijana hao wakisimama mbele ya mama wa David. Mtoto aliyekufa anabaki kuwa chanzo cha kisa tu. Hatumjui.

Hata hivyo, uzito wa kitabu hiki waonekana zaidi tukikilinganisha na filamu ya mwaka 1997. Humo aliyegongwa si mtoto tena, bali mtu mzima anayetupwa majini, na vijana wanauawa kwa ndoano ya mvuvi. Katika riwaya hakuna hata mmoja wa wanne anayekufa. Wanaachwa hai na kumbukumbu zao. Duncan, ambaye binti yake aliuawa mwaka 1989, alieleza hadharani kuchukizwa kwake na filamu hiyo. Tunaweza kumwelewa: vifo vikizidi, kifo kimoja hakina maana tena.

Jibu letu basi ni kwamba taharuki yaitumikia dhamira kwa sehemu kubwa ya kitabu, kisha yaimeza katika kurasa za mwisho. Mwandishi atakayewaandikia vijana wetu riwaya ya namna hii na ajifunze yote mawili. Awafunge wahusika wake kwa siri, lakini atakapowafungua asisahau kuwapeleka kwenye nyumba ya msiba.