Mshika Funguo

Alfajiri ya siku ya shughuli, Buguruni, Dar es Salaam, turubai halijakazwa kamba, kuna mama mmoja aliyekwisha kuhesabu kila kitu. Anajua magunia ya mchele ni mangapi, mafuta yamebaki ndoo ngapi, na nani aliyeazimisha sufuria lile kubwa lenye alama ya rangi ya kucha chini ya kitako. Ufunguo wa chumba cha vyakula kaufunga kwenye pindo la kanga. Mpishi akitaka chumvi, anakwenda kwake. Baba wa bibi harusi akitaka soda za wageni wake, naye anakwenda kwake, na pengine anarudi mikono mitupu.

Mshereheshaji hamtaji, kamera haimtafuti. Ila mimi, kati ya mafundi wote wa shughuli, huyu ndiye ninayemvulia kofia.

Anza na hesabu yake. Kilo moja ya mchele, husema, ni watu wanane ikiwa wamekuja kucheza, na watu sita ikiwa wametoka safari. Kwa hiyo harusi na msiba havipikiwi sawa. Msibani kuna ndugu watakaoshuka kwenye basi la mkoani saa sita za usiku, wamechoka, wana njaa, na haya ya kuomba. Fungu lao hulitenga mapema na kulifunika, na hapo hata mwenye msiba hagusi.

Halafu kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa: ufunguo hapewi ndugu, hupewa jirani. Shangazi akiomba sinia la pili kwa ajili ya mashoga zake wa Temeke, mpwa wake hawezi kumnyima. Jirani anaweza, kwa adabu. “Shikamoo shangazi. Tuvumilie kidogo, upande wa bwana harusi hawajala.” Shangazi hununa, lakini hana la kusema. Kukataa bila kumvunjia mtu heshima, mbele ya sufuria linalofuka, ni kazi ngumu kuliko kupika.

Kazi ya mshika funguo ni ya kale. Uingereza, miaka ya 1240, Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln, alimwandikia mjane wa ukoo mkubwa kanuni za kuendesha nyumba na mashamba yake: ajue ghala lina nini, anunue mvinyo na nguo wapi na msimu gani, hata kipimo kimoja cha ngano kitoe mikate 180. Msimamizi wa nyumba kama ile aliwajibika kwa kila mkate. Mama wa Buguruni hajapata kumsikia askofu huyo, lakini wangekutana wangeelewana upesi.

Kwetu pwani mfano uko Mtoni, Unguja, kwenye jumba la Sultani Seyyid Said. Binti yake Salme, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, anasimulia kaya ya watu wapatao elfu moja, na matunda yaliyofika kwa mapakacha, wachukuzi wakayabwaga kwa kishindo mengi yakapondeka. Kila nikifika hapo namkumbuka jirani yangu mshika funguo. Angesimama mlangoni, na pakacha lingetuliwa polepole.

Lakini nisiipambe historia. Kwenye mashamba ya karafuu palikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, chini yake kadamu, na nokoa mara nyingi alikuwa mtumwa aliyewekwa kuwasimamia watumwa wenzake. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Ujuzi wa kupanga watu na chakula ulitumika pia kukamua jasho la wasiolipwa. Ndiyo maana naona fahari kwamba ufunguo wa Buguruni hutolewa kwa hiari na kupokewa kwa hiari, na anayeushika leo atashikiwa wa kwake mwakani.

Kuna usiku siusahau. Harusi ya dada yangu, kadi za watu mia mbili, wakaja karibu mia tatu. Niliona mshika funguo akitazama uwanja, midomo ikicheza kwa hesabu. Hakumwambia baba. Alituma vijana wawili dukani kwa mlango wa uani, akaamuru masinia yaondoke zije sahani, akapakua mwenyewe kwa upawa mmoja, mkono haukupanda wala kushuka. Wazee walikula kwanza, kisha watoto, kisha sisi. Kila mtu alikula. Baba alikaa mbele na kanzu yake nyeupe, akipokea pongezi, na habari ya upungufu aliipata baada ya wiki nzima. Heshima ya baba ilikuwa amana, akairudisha nzima pamoja na masufuria.

Asubuhi yake alikuja mapema. Akaweka mezani mchele uliosalia, kilo mbili na kitu, chupa ya mafuta isiyofunguliwa, na karatasi ya vyombo vya kurudishwa, nyumba kwa nyumba. Kisha akafungua fundo la kanga, akampa mama ufunguo.

Ukialikwa Buguruni, ukishiba, usiishie kumsifu mpishi. Zunguka uani, mtafute mama mwenye fundo kwenye kanga, umpe mkono. Huenda yeye mwenyewe bado hajala.