Konda wa Njia Namba 6

Grenada ni kisiwa cha Karibi chenye urefu wa kilomita 34 hivi na upana usiozidi 20, lakini katikati ni milima mitupu. Barabara ya kutoka St. George's, mji mkuu ulioko magharibi, kwenda Grenville upande wa pili inapanda hadi kwenye msitu wa Grand Etang, mita 500 na zaidi juu ya bahari, halafu inateremka kona baada ya kona mpaka pwani ya mashariki. Njia hiyo ni ya mabasi namba 6: Hiace za watu binafsi, namba imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Ratiba hakuna, gari likijaa linaondoka. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akifika stendi ya St. George's atajua la kufanya bila kuelekezwa. Hata magari yanapita kushoto.

Dereva ndiye anayetazamwa na wageni, kwa sababu ya zile kona. Mimi macho yangu huwa kwa konda.

Kazi yake kubwa ni kupanga watu. Karibu kila safu ya viti ina kiti cha kukunja upande wa mlango, na gari likijaa viti hivyo vinafunguliwa, pa kupita panakwisha. Hapo aliyekaa dirishani kule nyuma hawezi kushuka mpaka watu kadhaa wainuke. Konda mzuri anayamaliza haya kabla hujakanyaga ngazi. Anakuuliza mara moja unakwenda wapi. Kama ni mwenyeji wa njia hiyo hakuulizi kabisa. Anayekwenda Grenville anapelekwa nyuma dirishani. Anayeshukia njiani anawekwa karibu na mlango. Bibi mwenye goti bovu anapewa kiti cha mbele hata kama anakwenda mbali, na hapo mpango mzima unapangwa upya kichwani, palepale, huku mkono wake ukiwa umeshika gunia la mtu mwingine. Akishuka mmoja na kupanda wawili, hesabu inaanza tena. Hakuna anayeiandika.

Kushuka nako kuna adabu yake. Abiria anagonga bodi ya gari kwa vifundo vya vidole, ngo ngo, na dereva anatafuta mahali pa kusimama. Nilimwangalia konda mmoja kijana katika kituo kama hicho, kwenye mteremko. Mlango ulikuwa umeshafunguka gari likiwa bado linajivuta. Aliruka chini, akakunja kiti kwa paja, akampokea mama kikapu chake cha mashelisheli, akampa mkono wa kushukia, akachukua nauli, akarudisha chenji, akapandisha kijana wa shule, akafunga. Nadhani yote hayo hayakuchukua muda wa kuvuta pumzi mbili ndefu. Na hakuonekana kuharakisha. Mama alishuka kwa mwendo wake, wala hakuna aliyemsukuma.

Honi nayo ina kazi yake. Kila anayetembea pembeni anapigiwa honi fupi, ya kumuuliza kama anapanda. Akiinua mkono, gari linasimama, asipoinua, linapita. Anayeingia anasalimia gari zima, na gari zima linaitikia. Nilipenda sana hilo, kwa sababu watu waliokwisha kusalimiana husogea kwa hiari konda akiwaomba wasogee.

Mizigo nayo haiko nje ya ufundi huu. Kungumanga imo hata kwenye bendera ya Grenada, na Grenville kuna ghala kubwa la kuichambua na kuikausha. Kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya miti hiyo, na mche wa kungumanga huchukua miaka mingi kabla haujazaa vizuri. Kwa hiyo mkulima anayepanda na mfuko mdogo wa kungumanga amebeba kitu alichokisubiri. Konda hautupi mfuko huo chini ya miguu ya watu. Anautia nyuma ya kiti, mdomo juu, na mwenyewe akishuka unatolewa bila kuulizwa ni upi.

Kasi ya madereva wengine siisifii. Kuna kona pale zinazotaka subira kuliko wanavyozipa. Ila wanaosema usafiri wa namba 6 ni vurugu kwa kuwa hauna ratiba, nadhani hawajakaa karibu na mlango.

Konda ana jambo gumu zaidi la kuamua. Abiria anaweza kuomba apelekwe nje kidogo ya njia, mpaka nyumbani, kwa nyongeza ya nauli. Mzee mmoja aliomba hivyo, na mvua ilikuwa imeanza. Konda hakumjibu kwanza. Aliwageukia waliobaki, akatazama nyuso moja moja, nadhani akipima nani anawahi kazini na nani anaweza kungoja. Halafu akawauliza kwa sauti: tumpeleke mzee? Mwanamke wa safu ya nyuma, aliyekuwa na haraka kuliko wote kwa jinsi alivyokuwa akitazama saa, ndiye aliyejibu wa kwanza kwamba apelekwe. Konda akagonga bodi mara mbili, gari likakata kulia kuingia njia ya vumbi lililoanza kugeuka tope, na nyongeza ya nauli akaipokea walipofika mlangoni kwa mzee.