Kutoboa Tumbo la Meli: Kaida za Filamu za Maafa na Kumbukumbu ya Ziwa Victoria

Katika The Poseidon Adventure (1972), filamu iliyoongozwa na Ronald Neame, meli ya abiria hupinduliwa na wimbi usiku wa mkesha wa mwaka mpya, na kikundi kidogo cha abiria hupanda kuelekea upande uliokuwa chini, ambao sasa ndio juu. Sita waliosalia hugonga chuma, wakajibiwa kutoka nje, na waokoaji hukata tundu karibu na rafadha na kuwatoa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, waokoaji nao walitoboa tumbo la meli iliyokuwa ikielea kichwachini, wakitaka kuwafikia watu waliosadikiwa kuwa hai ndani yake. Hewa iliyokuwa imeibakiza meli juu ya maji ikatoka, na meli ikazama. Tendo lile lile ambalo filamu hulitumia kufungia kisa kwa faraja, ziwani lilikuwa tendo la kupoteza tumaini.

Mgongano huu hauelezwi vizuri na uhakiki unaoziorodhesha kaida za filamu za maafa kama vipengele vya fani tu: mtaalamu asiyesikilizwa, tajiri mwenye pupa, wahusika wa matabaka mbalimbali ndani ya chombo kimoja, shujaa mmoja, kisha mapambazuko. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haisemi kaida hizo zinafanya kazi gani. Makala haya yanadai kwamba zinagawa maarifa: nani alijua mapema, nani alinyamazishwa, nani anaonekana. Katika filamu ya Neame nahodha anajua kwamba meli haina farumi ya kutosha kuituliza. Mwakilishi wa wenye meli anaamuru mwendo uongezwe. Kwa hiyo mtazamaji anaingia katika maafa akiwa tayari na mshtakiwa mkononi.

Kiswahili, kwa upande wake, kimezoea kuyapokea matukio haya kwa neno “ajali”. Asili yake ya Kiarabu ni muda uliokadiriwa, saa ya mtu kufa, na maana hiyo haijatoweka. Ndiyo inayoupa uzito msemo kwamba ajali haina kinga. Sarufi nayo husaidia. “Meli ilizama”, “kivuko kilipinduka”: vitenzi hivi havidai mtenda. Ili apatikane ni lazima tuseme “ilizamishwa”, na mara chache husemwa hivyo. Sidai kwamba lugha inawaficha wenye makosa, maana msiba una haki ya kuwa na lugha yake, na mfiwa anayesema “ni ajali” hatoi hukumu ya mahakama. Ninachosema ni kwamba msuko wa filamu ya maafa umejengwa juu ya dhana iliyo kinyume kabisa: ajali ilikuwa na kinga, na kuna aliyeiondoa. Mwandishi wa filamu wa Mwanza atakayeuazima utanzu huu ataazima pia mashtaka hayo, apende asipende.

Kaida iliyo ngumu zaidi kuihamisha ni ya majina. Dakika za mwanzo za filamu hizi hutumika kutujulisha abiria mmoja mmoja, ili baadaye tuwahesabu wanapopungua. MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, nayo ilibeba zaidi. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Ndiyo maana idadi ya waliokufa haijawahi kuwa moja, na hutajwa kuanzia 500 na zaidi hadi kukaribia 900. Hapa Titanic (1997) ya James Cameron inasomeka upya. Jack, kijana wa daraja la tatu aliyeipata tiketi yake kwa kamari, hana kumbukumbu yoyote katika nyaraka za meli. Anaishi katika masimulizi ya Rose peke yake. Wahakiki wengi wameichukua hila hiyo kuwa ya kimahaba. Kwa mtazamaji aliyewahi kusimama kwenye makaburi ya Igoma, ni jambo la utawala. Matthias Krings, katika African Appropriations (2015), ameonyesha jinsi filamu hiyo ilivyosimuliwa upya barani Afrika, ikiwemo kwa sauti ya mfasiri wa video Lufufu. Swali la abiria wasioandikwa linastahili kuongezwa katika mjadala huo.

Upweke nao ni kaida: bahari kuu, usiku, hakuna jirani. Ziwa linaikataa. MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka Septemba 20, 2018 kikikaribia gati la Bwisya, Ukara, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakikisubiri. Walikufa watu 228. Giza lilipoingia uokoaji ulisitishwa hadi asubuhi. Hakuna filamu ya Hollywood ninayoijua inayothubutu kuwaweka watazamaji wake ufukweni usiku kucha, wakiliona tumbo la chombo na wasiweze kufanya lolote. Mtu mmoja aliyekutwa hai ndani siku mbili baadaye angetosha kuwa mwisho wa filamu. Ukara alikuwa habari moja kati ya mazishi mengi.

Shujaa mmoja, hata hivyo, amekwisha kuhamia. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, na watu 19 kati ya 43 kufa, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika. Vyombo vya habari vilimchagua mmoja wao. Akazawadiwa fedha na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, bila shaka. Lakini kaida ilikwisha kufanya kazi yake: swali la kwa nini mitumbwi ilitangulia boti za uokoaji likawa dogo kuliko sura ya kijana mmoja.

Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper, iliyochukuliwa Mwanza na kuzua maandamano mjini humo mwaka 2006, haina meli wala wimbi. Maafa yake ni ya polepole, na ubishi juu ya ukweli wake ni wa makala nyingine. Kwa filamu ya MV Bukoba ambayo bado tunaisubiri, ningependekeza kamera ibaki nje, pamoja na wenye kutoboa, tangu wanapokubaliana mahali pa kukata.