Miraba Juu ya Miteremko: Bukavu Katika Tufe la Kidijitali

Katika tufe la kidijitali lililojengwa kwa picha ya satelaiti na vipimo vya mwinuko, mji wa Bukavu una sura mbili. Ukitazamwa wima umetulia. Mtazamo ukiinamishwa hadi vilima vya Kadutu, mtaa wa mji huo, visimame, mapaa ya mabati huvutika kuelekea bondeni. Mvutiko huo, ambao wengi huuhesabu kuwa dosari, ndio unaostahili kusomwa kwa makini.

Mwanahisabati Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa tufe haulaziki bapa pasipo kupotosha vipimo. Bukavu imesamehewa sehemu kubwa ya deni hilo la upotoshaji: iko takriban digrii 2.5 kusini mwa ikweta, ambako ramani za mtandaoni za mtindo wa Mercator hukuza umbali kwa chini ya sehemu 1 katika 1,000, ilhali London hukuzwa kwa asilimia 60 hivi. Tatizo letu, basi, ni kilima.

Uvishaji wa taswira, aliouasisi Edwin Catmull katika tasnifu yake ya 1974, huipa kila nukta ya umbo anwani yake katika picha bapa. Hapa picha huvishwa kutoka juu. Penye mteremko wa digrii 45, mita 1 ya picha hulazimika kufunika mita 1.41 za ardhi. Kikwembe kingejikunja, picha haina mkunjo, huvutika tu.

Picha yenyewe ni wavu wa nukta, na chini yake kuna wavu wa pili, wa mwinuko, ulio mkali zaidi kwa ukimya wake. Vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000 vina nukta zilizoachana takriban mita 30, na katika mraba mmoja wa kiasi hicho Kadutu hupanga nyumba kadhaa, ngazi za udongo na kuta za kuzuia mmomonyoko. Yote hulainishwa kuwa mteremko mmoja, hata picha ikajua mengi kuliko umbo inalolivaa. Kwenye ziwa lililo kando ya mji pekee nyavu hizi mbili hupatana, lakini (tusilisifu mno ziwa) wahariri wa data waliusawazisha uso wa maji kwa makusudi.

Wapo wasanifu wanaouficha mvutiko kwa kurudiarudia kipande cha picha mpaka jicho liridhike. Naona wanafuta maandishi. Uwiano wa mvutiko husomeka: bati lililorefuka mara 1.15 limelazwa juu ya mteremko wa digrii 30. Likirefuka mara 2, ni digrii 60.