Mpaka au Pindo? Tahakiki ya Jina la Mistari Izungukayo Maandishi, kwa Mifano ya Tukuyu

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuona kurasa hizi zatolewa kwa jambo dogo kama mstari unaochorwa kuzunguka maandishi. Sisi twazoea kubishana juu ya ngeli, asili ya maneno na tarehe za tenzi. Lakini lugha haikui kwa tenzi tu. Yakua pia katika maduka ya stesheneri, na katika mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, maduka hayo ndiyo viwanda vya maandishi ya Kiswahili. Humo huandikwa kadi za mchango wa harusi, ratiba za mazishi, matangazo ya mikutano ya vijiji, vyeti vya kwaya, na hati za kuuziana mashamba. Karibu kila karatasi itokayo humo ina mistari minne kandokando. Neno gani latumiwa kuitaja mistari hiyo, na neno hilo lafanya kazi gani, njema au mbaya? Hilo ndilo ninalotaka kulichunguza.

Kisa kilichonisukuma kuandika ni hiki. Nilikuwa nikingoja zamu yangu katika duka moja, mvua ikinyesha kama inyeshavyo Tukuyu, nikaona hati ya mauziano ya shamba ikichapwa upya. Nakala ya kwanza ilikuwa na fremu nzito yenye mistari miwili, na mtu aliyeisoma kabla ya kutiwa sahihi hakuipenda. Akaandika kwa kalamu pembeni: "Ondoa mipaka." Kijana wa taipu akaisoma amri hiyo kama Mswahili yeyote angeisoma. Akafuta aya nzima iliyotaja kwamba shamba lapakana na mto upande wa mashariki, na njia ya kijiji upande wa kusini, na migomba ya jirani pande mbili zilizobaki. Fremu akaiacha kama ilivyokuwa. Mashahidi walikuwa wamekwisha kushika kalamu, ndipo mzee aliyekuwa akiuza, ambaye alikuwa akifuata maneno kwa kidole, akauliza kwa upole, "Mwanangu, na mipaka ya shamba imekwenda wapi?"

Kijana hakukosa. Aliyeandika maagizo naye, kwa maana fulani, hakukosa: alitumia neno alilofundishwa katika somo la kompyuta. Mfasiri wa programu za kuandikia anapokutana na neno la Kiingereza lenye maana ya mistari hii, kwa kawaida hufungua kamusi, huona maana ya kwanza, na kuandika "mpaka". Kamusi haikumdanganya. Ila kamusi ilikuwa ikisema juu ya nchi na mashamba, si juu ya karatasi.

Sharti tukumbuke uzito wa neno hili mahali tunapopazungumzia. Rungwe ni nchi ya ardhi yenye rutuba ya majivu ya volkano, ya chai, migomba, viazi na kahawa, na watu wake ni wengi kwa ardhi waliyo nayo. Mpaka wa shamba hapo ni jambo la mabaraza na la ugomvi wa ndugu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yataka ardhi ipimwe na mipaka yake ikubaliwe na majirani kabla ya kutolewa hatimiliki ya kimila. Neno lililobeba mzigo huu haliwezi kuchukuliwa likafanywa jina la pambo la karatasi, katika duka lile lile na juu ya karatasi ile ile iandikwayo mipaka ya kweli, pasipo hasara.

Watu wa maduka wenyewe wana maneno yao, nayo yastahili kusikilizwa kabla ya ya wataalamu. Wako wasemao "niwekee boda". Hili ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili, na limekuja pamoja na ugonjwa wake. Atokaye Tukuyu kuelekea Kyela akifika Kasumulu husema amefika boda, maana mbele yake ni Malawi. Na pikipiki imbebayo nayo ni bodaboda, jina lililozaliwa kwa safari za baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia. Basi "boda" larudisha utata ule ule wa "mpaka", na tena laongeza pikipiki.

Wengine husema "fremu" au "boksi". Hayo ni maneno mazuri kwa kitu kimoja tu, yaani mistari minne iliyofunga pande zote. Lakini programu haifanyi kazi hiyo peke yake. Yaweza kutia mstari mmoja chini ya kichwa cha habari, au mistari miwili juu na chini, au mmoja upande wa kushoto kama ufito. Fremu yenye upande mmoja si fremu. Twahitaji jina la mstari wa upande wowote, litakaloweza kusimama peke yake na pia kuungana na wenzake watatu.

Jina hilo tunalo, nalo laonekana mchana kutwa katika soko la Tukuyu juu ya mabega na viuno vya akina mama. Kanga ina sehemu tatu: mji, yaani uwanja wa katikati, jina au ujumbe, yaani maneno yaliyochapwa, na pindo, yaani pambo lizungukalo pande zote nne. Tangu kanga zilipoanza kuandikwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kilatini, Waswahili wamekuwa wakisoma maneno yaliyozungukwa na pindo. Hiyo ni kurasa ya maandishi yenye mistari kandokando, na sehemu zake zote zimekwisha kupewa majina na watu wasiowahi kuketi katika kamati yoyote ya istilahi. Mama akikwambia kanga hii ina pindo jembamba, au pindo lake halilingani na mji, amekwisha kufanya uhakiki wa muundo wa ukurasa.

Neno "taraza" nalo lina madai yake. Ni utepe au nakshi ishonwayo ukingoni mwa kanzu au joho, na katika maandishi ya kale kuna jamaa yake wa karibu: misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, yenye mapambo ya rangi kuzunguka maneno. Lakini taraza hushonwa juu ya vazi lililokwisha, na wengi wa bara hawalijui neno hilo. Ningelitunza kwa kazi moja, nitakayoitaja mbele.

Sasa na tulijaribu neno "pindo" katika kazi yenyewe, maana istilahi isiyojaribiwa ni kama jembe lisilotiwa mpini. Katika programu ya Word, ambayo ndiyo itumikayo katika maduka mengi, kuna mapindo ya namna mbili ambayo wanafunzi huyachanganya daima. La kwanza ni pindo la aya, ambalo lashikamana na maneno: aya ikihamishwa, pindo lahama nayo. La pili ni pindo la ukurasa, lisilojali maneno yako wapi. Aya mbili zilizofuatana zenye pindo la namna moja huunganishwa katika boksi moja, lakini ikiwa moja imeingizwa ndani kidogo kuliko mwenzake, boksi hukatika likawa mawili. Nimeona ratiba za mazishi ambamo jina la marehemu liko katika boksi moja na tarehe za maisha yake zimetupwa katika lingine, na mwandishi akidhani mashine imeharibika. Hakuna kilichoharibika isipokuwa ule ujongezaji wa aya.

Kosa lililo kubwa zaidi, na litazamwe kwa makini, ni la mstari wa chini usiotokea. Karatasi kwenye kioo ina mistari minne, ikitoka mashineni ina mitatu. Sababu yake ni ya vipimo. Word huliweka pindo la ukurasa, isipoelekezwa vinginevyo, pointi 24 kutoka ukingo wa karatasi. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, kwa hiyo pointi 24 ni kama milimita 8 na nusu. Printa nyingi za wino haziwezi kufikisha wino karibu hivyo na ukingo wa chini, kwa sababu magurudumu yazishikayo karatasi yataka nafasi, na baadhi huacha zaidi ya milimita 10. Mwenye duka akiongeza kipimo, ataona programu inamkatalia kupita pointi 31, yaani milimita 11 hivi, na huenda hiyo nayo isitoshe. Dawa ni kubadili mahali pa kupimia: pindo lipimwe kuanzia kwenye maandishi, si kuanzia ukingoni. Hapo litasogea ndani, karibu na maneno, na mstari wa nne utatokea.

Angalia jinsi nilivyoweza kuyaeleza haya. Nimetumia maneno matatu: ukingo ni mwisho wa karatasi yenyewe, pambizo ni nafasi tupu iliyoachwa kati ya ukingo na maandishi, pindo ni mstari uliochorwa, ambao waweza kuwa ndani ya pambizo. Jaribu kuyaeleza kwa "mpaka": pima mpaka kuanzia mpaka wa karatasi, si kuanzia mpaka wa maandishi. Hakuna mwanafunzi atakayekufuata, na wala hapaswi kulaumiwa.

Lipo pingamizi la haki. Fundi cherehani wa Tukuyu, kama wa kokote, huita pindo ile sehemu ya chini ya suruali iliyokunjwa na kushonwa, na neno latoka katika kupinda. Je, mtu akiambiwa "tia pindo" hataikunja karatasi? Nadhani hapana, kwa sababu kanga imekwisha kulitenganisha neno na kukunja: pindo la kanga huchapwa, halikunjwi, na hakuna anayechanganyikiwa. Hata hivyo nakiri kwamba kitenzi chatupa taabu. "Kupinda aya" hakufai kabisa, na "kupindia" chaelekea kwingine. Kwa sasa "kutia pindo" na "kuondoa pindo" vyatosha, na Kiswahili hakijapata kuona haya kutumia kitenzi "tia".

Neno juu ya mapambo. Word huuza pamoja na mistari mikavu mkusanyo wa picha ndogondogo za kuzungusha ukurasa: matofaa, keki, mioyo, miti ya Krismasi. Hizi hutumika kwa ukurasa tu, si kwa aya, na hapo ndipo ningependa neno "taraza" lihifadhiwe: pindo la mstari liitwe pindo, na pindo la picha liitwe taraza, kwa kuwa ni nakshi iliyobandikwa. Kwa maoni yangu taraza za Word ni umaskini uliojipamba. Duka likiwa limezungukwa na chai na migomba, karatasi zake zina matofaa ya nchi za baridi. Sisemi hivyo kwa chuki ya mageni, ila pindo la kanga huchaguliwa lipatane na maneno yake, na mchoraji akilikosea mnunuzi hulikataa. Mbele ya kioo cha kompyuta hakuna anayekataa. Nimepata kuona tangazo la msiba lililozungukwa na vipande vya keki.

Hatuwezi kusema kwamba kazi ya kuipa kompyuta Kiswahili haijaanza. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na waliofanya kazi hiyo walibuni mamia ya maneno kwa muda mfupi, jambo lililo rahisi kulaumu na gumu kulifanya. Lawama yangu yahusu njia ya kutafsiri orodha ya maneno, kila neno likiwa peke yake, bila kuona karatasi. Katika orodha, "mpaka" halina kosa. Kosa laonekana katika sentensi, tena katika sentensi ya amri iliyoandikwa haraka kwa kalamu pembeni mwa hati.

Na lipo jambo moja ambalo hata "pindo" halilitatui bado. Mtu akipiga alama ya kistari mara tatu mfululizo kisha akabonyeza kitufe cha kushuka mstari, Word huvigeuza vistari hivyo kuwa mstari mmoja mrefu wa ukurasa mzima. Mwandishi hudhani ni herufi, hujaribu kuufuta kwa kufuta herufi, nao haufutiki, kwa kuwa umekuwa pindo la chini la aya iliyo juu yake. Katika maduka niliyoyatembelea Tukuyu sikusikia jina lake, ila manung'uniko. Wengine huiandika upya karatasi nzima ili kuukimbia. Ningependekeza "pindo la kujitokezea", lakini jina ni refu, na kijana wa taipu aliyenisikia alicheka. Akasema yeye huuita "mkaidi".

Hati ya mzee yule ilichapwa mara ya tatu. Mto, njia na migomba vikarudishwa mahali pake, na fremu ikaondolewa.