Hewa ya Dodoma: tunaipima kwa macho

Kuanzia Mei hadi katikati ya Novemba, Dodoma haipati mvua ya maana. Kiangazi kikishika, lalamiko kuhusu hewa huwa moja tu: vumbi. Na jibu nalo ni moja: boza lipite, limwage maji barabarani. Boza si jambo baya. Shida ni kwamba vumbi linaloonekana ndilo limekuwa kipimo chetu cha hewa, na jicho ni kipimo kibovu.

Hebu tuangalie ukubwa wa chembe zenyewe. Vumbi jekundu linalotua juu ya meza ni punje nene kwa sehemu kubwa, na nyingi hunaswa puani na kooni. Zenye hatari zaidi ni chembe za mikromita 2.5 kushuka chini, maarufu kama PM2.5. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo chembe hizo 28 zinaweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Zinafika ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu. Nyingi zinatokana na kuungua kwa vitu: mkaa, takataka, dizeli. Hizo boza haliziwezi.

Tukija kwenye sheria, hatuko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka halmashauri ziwe na ofisa mazingira na kamati ya mazingira, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007. Ila kwa vitendo, mlango mkuu wa kuangalia hewa ni Tathmini ya Athari kwa Mazingira: mwenye mradi anaajiri mtaalamu, ripoti inapelekwa NEMC, cheti kinatoka.

Utaratibu huu una mapengo mawili. Kwanza, unapima mradi, haupimi jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu takriban 411,000 Dodoma Jiji. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Kila jengo linaweza kufaulu tathmini yake, lakini jiko la mkaa, bodaboda na moto wa takataka nyuma ya nyumba havina mwenye mradi. Mapafu hayatofautishi, yanavuta jumla.

Pili ni saa ya kupima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza wastani wa PM2.5 kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Tuchukue mfano wa kubuni: kwa saa tatu za jioni, majiko yakiwaka, hewa ina mikrogramu 120; saa 21 zilizobaki ina 10. Wastani wa siku ni 23.75, umevuka. Lakini aliyekuja kupima saa sita mchana ataandika 10 na kuondoka ameridhika. Usiku wa baridi wa Juni na Julai ndio mgumu zaidi, maana hewa baridi hulala chini na moshi hukosa pa kwenda.

Wapo watakaosema Dodoma ni nusu jangwa, vumbi ni la Mungu. Sawa, lakini hiyo ni sababu ya kupima: bila kutenganisha punje za udongo na chembe za moshi, hatutajua lipi ni la upepo na lipi ni la kwetu.

Jirani zetu Kampala wamethubutu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, umefunga vifaa vya bei nafuu mitaani, vingine juu ya bodaboda, na mamlaka ya jiji inatumia takwimu zake. Uingereza, sheria ya 1995 inailazimu halmashauri kupima, kutangaza eneo lililovuka kiwango na kuandika mpango wa hatua. Haikutosha: Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa, alifariki London 2013. Lakini mwaka 2020 uchunguzi wa kifo chake ulipotamka kwamba hewa chafu ilichangia, sehemu ya ushahidi ilikuwa takwimu za kituo cha kupimia kilichokuwa takriban maili moja kutoka kwao. Mtoto wa Chang'ombe au Nkuhungu akiugua pumu, mama yake ataonyesha takwimu zipi?

Nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Ukifanikiwa, moshi utapungua. Lakini kuhesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa siyo kupima hewa, kama ambavyo kuhesabu miche iliyopandwa siyo kupima kivuli. Halmashauri ianze na vifaa vitatu: Majengo sokoni, stendi ya Nanenane na Mtumba. Vipime usiku na mchana, mwaka mzima, na wastani wa kila mwezi ubandikwe kwenye ofisi za kata. Tukianza baada ya mkakati kwisha, hatutakuwa na namba ya kulinganishia.