Maji Kidogo Kwenye Kidole

Ukitoka mji wa Kitui kuelekea Migwani utapita Kabati. Nilikaa hapo asubuhi moja, chini ya mti, nikimtazama mama mmoja akisokota katani kwenye paja. Mguu ameunyoosha, leso ameipandisha juu ya goti, na kiganja kinakwenda mbele mara moja tu: nyuzi mbili zinajikunja kila mmoja kivyake, kisha kiganja kinarudi nyuma na zote mbili zinakumbatiana kuwa kamba moja. Hakuna gundi wala fundo. Nilijaribu. Nikapata kitu kama mkia wa paka aliyelowa, naye akacheka kwa adabu.

Kamba hiyo ni ya kusukia kiondo, kikapu ambacho Wakamba hukiita kyondo, vikiwa vingi ni syondo. Kabla ya kufika pajani, jani la mkonge limekatwa miiba, limepasuliwa na kukwanguliwa hadi nyama ya kijani ikaisha. Utomvu wake unawasha mikono vibaya, na baada ya taabu hiyo yote, nyuzi unazobaki nazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Mkonge wenyewe ni mgeni kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliufikisha Tanga mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai. Gome la mbuyu, ambalo nalo hutoa nyuzi nzuri za kusukia, halikuhitaji meli.

Sasa, ndani ya uzi huo kuna msusi mwingine. Katika utando wa kila seli ya mmea kuna vimeng'enya vilivyojipanga kama ua la petali sita. Ua hilo hutembea polepole likiacha nyuma yake minyororo ya selulosi, mingi kwa pamoja, na kuizunguka seli kwa mviringo wa kupanda, kama parafujo. Nilipomwona mama akianzia kitako cha kiondo na kuzunguka, mstari juu ya mstari, sikuweza kuacha kulifikiria lile ua. Mshindio wa mama ni wa nyuzi mbili zinazopishana, moja mbele na moja nyuma ya kila uzi wa mtande, halafu zinabadilishana nafasi.

Selulosi ni glukosi, ile sukari ya kawaida ya mwilini, maelfu yake yakiwa yameshikana kwenye mstari mmoja. Kila glukosi mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka. Katika kiungo hicho atomi zinamiliki elektroni kwa ubia, na ubia huo si wa kuvunjwa na sufuria inayochemka. Ndiyo maana katani inaweza kutokota na magome ya miti ili ipate rangi, ikatoka imebadilika sura lakini nguvu yake iko palepale.

Jambo lililonishangaza tangu shuleni, na linanishangaza bado, ni kwamba ugali nao ni glukosi. Tofauti iko kwenye namna ya kushikana. Katika wanga wa mahindi viungo vyote vinaelekea upande mmoja na mnyororo unajikunja kama springi. Katika selulosi kila glukosi imepinduliwa ikilinganishwa na jirani yake, na mnyororo unanyooka. Vimeng'enya vyetu vinakata ule wa kwanza na kushindwa kabisa na wa pili. Mbuzi ana vijidudu tumboni vya kumsaidia, kwa hiyo mwenye kiondo kizuri asikiache chini penye mbuzi.

Mnyororo ulionyooka hulala sambamba na wenzake, na hapo huingia bondi za haidrojeni: haidrojeni ya huku inavutwa na oksijeni ya kule. Kila bondi peke yake ni dhaifu, si kitu mbele ya ule ubia wa elektroni. Lakini zinajipanga kwa mamilioni, na ukivuta uzi wa katani kwa mikono miwili utakukata vidole kabla haujakatika.

Udhaifu wa kila bondi ndio mama anaoufanyia kazi. Pembeni yake pana kikombe cha maji. Kila baada ya hatua chache anachovya kidole na kukipitisha kwenye uzi. Maji yanapenya penye minyororo isiyobanana sana, yanajishikiza mahali pa zile bondi, na uzi unalegea, unakubali kona. Ukikauka, bondi zinarudi, safari hii zikiwa zimeufunga uzi katika umbo jipya. Shati la pamba linalonyunyiziwa maji kabla ya pasi linatii sheria hiyohiyo. Maji yakizidi, mstari unavimba, na ukikauka unaacha mapengo. Yakipungua, uzi unapinda kwa hasira na ukingo wa kiondo unakwenda upande. Nilimwuliza atajuaje kiasi. Akanipa uzi niushike, kisha mwingine. Kwangu zote mbili zilikuwa katani tu.

Jua lilipofika utosini aliinua kiondo usawa wa macho, akakizungusha taratibu. Mimi sikuona kasoro. Yeye alishusha pumzi, akafumua mistari mitatu aliyokuwa ameisuka nikimpigisha soga, akachovya kidole.